Mwaka wa Kuviringisha Tairi

"Anti, mbona unakwaruza uso wa mamangu?"

Achieng alikuwa ameniletea fulana za mazishi. Zilikuwa nyeusi, na kifuani uso wa mama yake, rafiki yangu Awino, umechapwa kwa rangi nyeupe, na mimi, kabla hata sijamtazama vizuri, nilikuwa nimeshaanza kumsugua shavu kwa ukucha. Nikamwambia nataka kujua kama rangi itapasuka. "Haipasuki, Anti. Ni mashine. Zote zimetoka kwa saa moja." Saa moja! Nikaivuta ile nguo kushoto na kulia, nikaigeuza ndani nje kuona kama rangi imepenya, nikainusa. Achieng akaniangalia, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu tupate habari. "Na mama naye angefanya hivyo hivyo," akasema. Basi kicheko kikamgeuka kikawa kilio, na mimi nikamfuata, tukalia pale kwenye kiti, kila mtu ameshika mkono mmoja wa fulana.

Mambo ya kwetu nyumbani nitayaruka. Kila boma la Nyeri lilikuwa na kahawa kidogo, ng'ombe mmoja na ugomvi wa mpaka, na letu halikuwa na jipya. Ninachotaka kukumbuka ni chumba. Kilikuwa nyuma ya duka la nguo la Bwana Ramji, mjini Nyeri, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Zamani kilikuwa studio ya picha ya ndugu yake marehemu, na ukutani pazia lake lilikuwa bado linaning'inia, limechorwa bustani yenye ngazi nyeupe na ndege ambao hakuna mtu wa Nyeri aliyewahi kuwaona. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama bomba la moshi la hoteli ya jirani, ambako walichemsha githeri ya mahindi na maharagwe na kukaanga mandazi kwa kuni tangu alfajiri. Ukuta wa kututenganisha na duka ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hivyo tulisikia kila kitu: nani amekataa bei, nani anamnunulia nani kitenge, na nani asiyepaswa kumnunulia. Nikisema kweli, chuo changu cha kwanza kilikuwa ule ukuta.

Mimi na Awino tulikuwa tumemaliza shule, na matokeo yetu yalikuwa ya kutuacha nyumbani tukingoja. Tukingoja nini, hakuna aliyejua. Baba yake alikuwa sajenti wa polisi, mtu wa kutoka pande za ziwa, na walikaa kwenye nyumba za polisi. Awino alikuwa mrefu, mwembamba, na mdomo wake haukujua Jumapili. Bwana Ramji naye alikuwa amenunua bando zima la fulana nyeusi ambazo hazikununuliwa, maana watu walisema nguo nyeusi tupu ni ya makanika. Siku Awino alipomwona akizihamisha rafu kwa mara nyingine, alimwambia, "Mzee, hizi zinataka kuchorwa tu." Bwana Ramji akamtazama juu ya miwani. "Basi wewe chora. Kama natoka, tutagawana. Kama haitoki, mimi nalia peke yangu." Akatufungulia studio, na ndani ya droo tukakuta kile kitu kilichotupa kazi: kalamu ya chuma yenye kikombe kidogo mgongoni, ambayo marehemu alikuwa akipulizia wino kwenye picha za maharusi ili kuwaondolea chunusi. Sisi tuliiita kalamu ya upepo.

Upepo wenyewe ndio uliokuwa taabu. Ile mashine ya kusukuma hewa ilikuwa imeshauzwa, na Awino, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kitu kimeshindikana, akaunganisha mpira wa kalamu na tairi la akiba la gari la Bwana Ramji. Ilifanya kazi! Tairi likijaa, tulipuliza, sss, sss, mpaka likalegea. Likishalegea tulilitoa kupitia dukani, tukaliviringisha mteremko hadi kituo cha petroli, likajazwa, tukalipandisha tena tukihema. Bwana Ramji alipiga kelele kila tulipopita. "Tena tairi! Sakafu yangu nakuwa barabara ya Nairobi!" Na vijana wa stendi hawakutuacha. "Wasichana, na gari yenu iko wapi?" Mimi niliona haya nikaangalia chini. Awino aliwajibu bila kugeuka, "Inakuja nyuma!" na yule mwenye akili kidogo kuliko wenzake kila mara aliangalia nyuma.

Nyeupe juu ya nyeusi ni kazi ya ukaidi. Rangi nyingine zikikosewa hujificha, lakini nyeupe hujianika. Tulianza na rangi ya mafuta ya kupaka milango, tukiichanganya na tapentaini mpaka vichwa vikauma, na fulana ya kwanza ilipokauka ilisimama peke yake kama bati, na ilipovaliwa ikapasuka. Bwana Ramji akatuagizia Nairobi rangi ya nguo, ile ya maji. Hiyo nayo ilikuwa nzito, ikaziba pua ya kalamu, tukajifunza kuipunguza iwe kama maziwa na kuichuja kwa soksi ndefu za nailoni za mke wa Bwana Ramji, mama mpole ambaye hakuwahi kuuliza soksi zinaenda wapi. Tukajifunza kuifua fulana kwanza, kwa sababu ule wanga wa kiwandani hukataa rangi. Tukajifunza kuingiza kadibodi ndani ili kifua kisishikane na mgongo. Halafu likaja lile gumu kuliko yote. Ukipuliza mara ya kwanza, nyeupe haitokei nyeupe. Inatoka rangi ya majivu, unaona aibu, mkono unakuwasha kuongeza papo hapo. Ukiongeza, inatiririka na kazi imeharibika. Lazima uiache ikauke, upulize nyembamba tena, uiache tena, mpaka weupe ujilete wenyewe. Mwisho tulipiga pasi ya makaa juu ya karatasi ya kaki ili rangi ishike. "Muthoni, toa mkono," Awino aliniambia kila siku. "Wewe uko na haraka ya nini? Kwani uko na bwana anangoja chakula?"

Siku za mwanzo tulikuwa tukipenga kamasi nyeupe. Mama yangu alipoona leso yangu alipiga kelele akadhani nimerogwa. Kuanzia hapo tulifunga vitambaa vyenye maji puani, na dirisha likakaa wazi, ijapokuwa Awino alilichukia. Kila upepo ulipogeuka, masizi ya hoteli yaliingia yakatua juu ya rangi mbichi, tone jeusi hapa, tone jeusi pale, na yeye alisonya kama mtu aliyeibiwa. Mchana tulikula githeri ya hiyo hiyo hoteli iliyokuwa ikituchafulia kazi, na mara nyingine mke wa Bwana Ramji alituletea chapati laini na achari ya ndimu iliyotukunja sura. Nimekula karamu nyingi tangu wakati huo. Sijawahi tena kula kitu nikiwa na furaha ile.

Ilikuwa wakati wa chapati hizo, mwezi wa sita, tuliposikia sauti ya baba yake Awino upande wa pili wa mbao. Alikuwa amekuja kununua blanketi. "Nimepewa uhamisho, Bwana Ramji. Naenda kaskazini mwezi wa nane." Tukaacha kutafuna. "Na msichana, afande?" "Huko si pahali pa msichana. Anaenda kwa nyanya yake nyumbani, watamtafutia mtu." Bwana Ramji akakohoa. "Lakini yeye nafanya kazi hapa, afande. Kazi muzuri." Na sajenti akasema, polepole, kama mtu anayesoma shtaka, "Kazi ni kitu naona kwa macho. Mimi nikipita hapa, naona mtoto wangu anaviringisha tairi." Awino hakulia. Aliweka chapati chini, akapangusa vidole kimoja kimoja. "Mimi siendi kwa nyanya," akaniambia. "Ati kwa macho. Ataona mpaka afumbe." Lakini jioni ile, tulipokuwa tukifunga, aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna nafasi ya kitanda, na sauti yake haikuwa ile ya kuwajibu vijana wa stendi. Nilimwambia tungelala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kama ingebidi. Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Bila Awino, mimi nilikuwa msichana wa kawaida anayengoja kuambiwa aende wapi.

Mungu si Athumani. Wiki iliyofuata aliingia Mama Wamaitha, mwenyekiti wa kina mama wauza viazi wa soko la Karatina. Walikuwa wamejenga stoo yao wenyewe, na siku ya kuifungua walitaka wote wavae sare. "Nyeusi," akasema, "kwa sababu sisi na udongo hatuachani. Na hapa mbele munichoree debe. Lakini si debe tu. Debe iko na kichwa! Hawa wanunuzi wa Nairobi wanataka tujaze mpaka imwagike na bei ni ile ile. Wacha waione, wajue tumechoka." Alichora hewani kwa mikono miwili, kilele kikubwa cha viazi. Sherehe ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba, na aliposema polisi wa Nyeri wameombwa waje kulinda, Awino alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikajiuma ulimi.

Mwezi wa saba sasa, mtu asiyekaa chini ya mlima hawezi kuelewa. Wakikuyu huuita wakati huo gathano. Jua halichomozi, ukungu unashuka unakaa barabarani kama mgeni asiyeaga, na nguo iliyoanikwa Jumatatu unaivua kambani Alhamisi ikiwa bado mbichi. Rangi yetu ilikataa kukauka. Awino alipuliza mara ya kwanza, tukangoja, tukagusa, mbichi. Na masizi nayo, kwa ajili ya unyevu, yalikuwa yakianguka mazito zaidi. Basi asubuhi moja nilikuta amelifunga dirisha, ameziba nyufa kwa magunia, na katikati ya chumba kuna jiko la makaa linawaka vizuri, jekundu, bila moshi hata kidogo. "Angalia," akasema kwa fahari. "Joto, na hakuna masizi." Kila mwaka wakati wa gathano tulikuwa tukisikia familia fulani imelala na jiko ikaamkia mortuari. Sote tulijua. Lakini kwa akili zetu hilo lilikuwa jambo la usiku, la watu waliolala. Sisi tulikuwa macho, tena mchana, tunafanya kazi. Nilikaribia jiko nikaota mikono.

Tukafanya hivyo siku kadhaa, na kilichotuokoa siku zote hizo hatukukijua. Tairi likilegea tulitoka, tukapata hewa njia nzima ya kituo cha petroli, tukarudi na vifua vipya. Lakini siku moja mvua ilikuwa ikinyesha, na Awino alikuwa ameazima tairi la pili kwa dereva wa lori, kubwa, lenye upepo wa kutosha asubuhi yote. Tuliliegemeza mlangoni ili kuzuia baridi. Tukapuliza, tukaanika juu ya jiko, tukapuliza. Rangi ilikauka upesi ajabu, na yale madebe yalitoka meupe pepe, hakuna doa. Nilisikia kichwa kizito nikadhani ni njaa. Nakumbuka Awino alisema, "Hii ndiyo nyeupe, Muthoni, hii sasa ndiyo," halafu akakaa chini ghafla kama mtu aliyekatwa miguu. Nilitaka kumcheka. Nilipoinuka kumfuata, magoti yangu hayakunisikia, nikaanguka na uso wangu ukaelekea lile pazia, na nikaona zile ngazi nyeupe zikipanda na kushuka.

Haya mengine nilisimuliwa. Bwana Ramji alikuwa akihudumia mteja, akanyamaza ghafla. Asubuhi yote hakuna mtu aliyempitishia tairi sakafuni. Wala ule mlio wa sss haukusikika. Mtu aliyetugombeza miezi yote kwa kupita, siku tulipokosa kupita ndipo alipotukumbuka. Akagonga, akasukuma mlango, tairi la lori likamzuia, akaurudia kwa bega, mzee yule mwenye ugonjwa wa moyo, mpaka likabiringika. Alituvuta mmoja mmoja hadi nje kwenye mvua, akarudi akavunja kile kioo cha dirisha kwa mita ya kupimia nguo. Nilifumbua macho nikiwa nimelala kwenye matope ya uchochoro, na yeye amepiga magoti kando yangu akilia wazi wazi. "Piga kelele, beti," alikuwa akisema, akiniita binti kwa lugha yake. "Tukana mimi. Sema kitu." Nilitapika juu ya viatu vyake. Awino hakuamka hapo. Aliamka hospitalini, jioni, na nilipoambiwa ameuliza kama fulana zimekauka, ndipo nikajua atapona.

Sajenti alisimama miguuni pa kitanda na viatu vyake vya kazi, kofia mkononi. Nilitegemea atafoka. Alisema kwa sauti ndogo, "Hii ndiyo kazi? Kazi ya kuniletea maiti?" Awino akageuza uso ukutani. "Ukitoka hapa unaenda nyumbani. Mimi nitakuwa mbali, sitakuwa na mtu wa kukuvunjia dirisha." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mzee hakuwa mkali, alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu ni mgumu zaidi kumshawishi. Nilimwamkia, hakunisikia. Nikarudi studio. Dirisha halikuwa na kioo, fulana nyingi zilikuwa bado tupu, na Karatina walikuwa wanangoja.

Bwana Ramji alikata kipande kirefu cha kitambaa cha marekani, akakilowesha, akakitundika pale dirishani. Hewa ilipita, masizi yakanasa. Tulikitazama tukatazamana. Kitu chepesi hivyo! Jiko likahamia uani, likabaki la pasi tu. Zile fulana tukazikausha kidogo kidogo, tukizitundika dukani kote juu ya vichwa vya wateja, na Bwana Ramji akawaambia waziwazi, "Wewe kama hapana taka kuguswa na viazi, inama." Awino alipotoka hospitali baba yake alimpa siku za kufunga mizigo, naye alikuja kukaa mlangoni amejifunika blanketi, hakuruhusiwa kushika kalamu, akawa anaamuru. "Mbali kidogo. Usikaribie. Sasa wacha, Muthoni, wacha ikauke, yawa, huyu msichana ataniua kabla ya makaa!" Mkono wangu haukuwa kama wake. Madebe yangu yaliegemea upande mmoja kama walevi. Lakini yalikuwa meupe.

Siku ya sherehe ukungu ulipanda mapema. Kina mama wa Karatina walitoka stooni kwa mstari, wanaimba, wote weusi, na kila kifua kina debe jeupe lenye kilele, na soko lote likasimama. Nyuma yangu mtu mmoja akasema, "Angalia, wamechora Mlima Kenya!" Mama Wamaitha akasikia, akaukata wimbo katikati. "Mlima gani? Hiyo ni debe! Debe ya viazi, na hiyo kilele hatuongezi tena!" Watu walicheka mpaka wakashikana. Sajenti alikuwa kwenye kamba, amekakamaa, haruhusiwi kucheka. Niliona macho yake yakipita kifua hadi kifua, mstari mzima, yakifika mwisho yanarudi mwanzo. Shughuli ilipoisha alitujia. "Zile zilizonyooka," akasema, "ni zako." "Ndiyo, Baba." "Zile zimelala upande ni za huyu." "Ndiyo, Mzee," nikasema mimi. Akaivua kofia, akaivaa tena. "Nimeona," akasema. "Na dirisha?" akamuuliza Awino. "Halina hata kioo, Baba." Sajenti akanigeukia, akaniuliza mimi kama kwetu kuna blanketi za kutosha.

Alienda kaskazini peke yake, na fulana moja nyeusi mkobani. Awino alibaki. Tulilala mzungu wa nne kama nilivyoahidi, akanipiga mateke hadi alipoolewa, akafungua duka lake mtaa huo huo, na akakaa Nyeri mpaka wiki hii.

Yote haya nilimweleza Achieng tukiwa bado tumeishika ile fulana, na nilipomaliza nilienda chumbani nikaleta kisanduku. Kalamu ilikuwa imekuwa nyeusi kidogo, lakini sindano yake ilisogea. Nikamwambia mama yake hatazikwa kwa kazi ya saa moja tu. Nataka fulana moja tupu, kopo la rangi nyeupe ya nguo, na tairi la akiba la gari lake yeye Achieng. Alidhani msiba umenigusa akili. Lakini alilitoa, na tukaliviringisha mjini hadi kituo cha petroli, mimi mbele na magoti yangu ya uzee, na vijana wa bodaboda hawakuchelewa. "Shosho! Na gari iko wapi?" Sauti ilinitoka kabla sijafikiri. "Inakuja nyuma!" Nikageuka mwenyewe kuangalia, na Achieng alikuwa anakuja, mrefu, mwembamba, anacheka na machozi yanamtoka.

Nyumbani nilifunga kitambaa chenye maji puani, nikamfunga na yeye, nikaweka kadibodi. Nikamwambia afungue dirisha. "Anti, kuna baridi sana." Nikamwambia najua. Alifungua. Nikapuliza debe, polepole, kwa mbali, na likatoka rangi ya majivu. Achieng akaniambia haionekani, niongeze. Nikaweka kalamu chini, nikavuta kiti, tukakaa tukingoja ikauke.